Malalamiko ya Tano

Miaka thelathini na moja kwenye mizani ya ghala la nafaka ilimpa yule karani jina la Mizani, na ikamwachia tabia ya kukadiria uzito wa kila kilichopita mbele yake, maharusi wakiwemo. Alinunua gari jipya, nailoni bado ziko vitini, kwa sababu moja tu: figo za mkewe zilikuwa zimegoma, na hospitali ya kusafishia damu ilikuwa juu mlimani. Mara tatu kwa wiki, bila kukosa.

Mwezi wa pili gari likaanza vituko. Kwenye mpando injini inanguruma, gia inateleza, gari haliendi. Nyuma kushoto, alipokuwa akijilaza mkewe, kila shimo lilipiga kishindo cha kumtoa mtu roho. Mara mbili walifika wakakuta mashine yake kapewa mgonjwa mwingine.

Mara nne Mizani alilirudisha kwa kampuni iliyomuuzia. Mara nne fundi mkuu, bwana mpole mwenye kalamu sikioni, alilizungusha mitaani akarudi anatabasamu.

"Mzee, gari zima hili. Bushi tumebadilisha, shokapu tumebadilisha. Sasa unataka tubadilishe nini tena?"

Kwenye fomu aliandika: hitilafu haikuonekana. Kesho yake mlimani, yale yale. Hizo zilikuwa danadana tupu, na kilichomuuma Mizani zaidi ni kuonekana mzee mwenye nongwa.

Mkewe ndiye aliyegundua. "Baba, si huwa unawapelekea likiwa tupu?"

Mizani akajipiga paji la uso. Yeye, mtu wa kupima shehena maisha yake yote! Aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto.

"Twende wote," mkewe akasema, akicheka kwa shida. "Safari hii mimi ndiye gunia lako."

Basi mara ya tano wakaenda wote. Fundi akashika usukani, mama kajilaza nyuma, uso umemvimba. Katikati ya mpando gia ikaachia, gari likarudi nyuma, likatua shimoni kwa kishindo. Mama akaguna. Tabasamu la fundi likayeyuka.

"Pole sana, mama. Mzee, nisamehe. Gia mbovu hii, na springi ya nyuma pia; limetoka nazo kiwandani. Liache hapa, tuagize nyingine."

Mizani alitoka pale kifua mbele, kashinda. Gari la kuazimwa halikuwepo. Vipuri vilichukua wiki tatu kufika. Teksi ya kwanza haikutokea, ya pili ilikataa mlima kwa sababu ya mvua, na wiki ya pili, bila kusafishwa damu, maji yakampanda mkewe kifuani.

Wiki ya tatu ilipokwisha, fundi alimpokea Mizani kwa furaha. "Limekuwa jipya, mzee! Mlete mama tulipandishe kama siku ile."

"Mama tulimzika Jumamosi."

Fundi akaitoa kalamu sikioni, asijue aiweke wapi. "Basi, mzee, hakuna haja ya kujaribu."

"Haja ipo. Weka mchanga. Kilo sabini na tatu, nyuma kushoto."

Mizani mwenyewe aliipanga mifuko kitini na kuifunga mkanda. Gari likapanda mlima wote bila kuteleza, bila kugonga, hadi hospitali. Mlinzi alipoliona tu akafungua lango, na kama alivyozoea, akaja anasukuma kiti cha magurudumu.