Trela ya Boti ya Sufuria

Kama uliishi Nakuru miaka ya Emajensi, serikali ilipopigana na Mau Mau, na ulikuwa na kitu cha chuma kilichovunjika, ulimjua Fundi Miraji Saad. Na kama ulimjua, ulijua pia kwamba hakukuamini. Usione vibaya, bwana, hakumwamini mtu. Sukari ya chai aliifungia ndani ya sanduku la vifaa. Futi za kupimia za dukani alisema zimepunjwa huko huko zinakotengenezwa, kwa hiyo alipima kwa fimbo yake mwenyewe, aliyoitia alama kwa msumeno. Mkewe Samsam akimwambia mvua inakuja, alitoka nje kwenda kuyatazama mawingu. "Kikulacho ki nguoni mwako," alipenda kusema, na alisema kwa furaha, kama mtu anayesifu chakula.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya maduka ya bazaar. Leseni ilikuwa na jina lake, lakini kazi walifanya wawili. Wa pili alikuwa Karanja, Mkikuyu wa kijiji cha Bahati, mpole, mrefu, mwenye mkono wa dhahabu kwenye kuchomelea. Walikutana jeshini katika karakana ya malori, wakarudi pamoja vita vilipokwisha, na kwa miaka minane walikula chungu kimoja. Kama kuna binadamu ambaye Miraji alikaribia kumwamini, ni Karanja. Nasema alikaribia.

Sasa mwaka huo wa 1954, Mkikuyu kukaa mjini ilitaka karatasi. Kila mwisho wa mwezi tajiri wake wa kazi alipaswa kuandika barua kwamba mtu huyu yuko kazini na hana doa. Bila barua hiyo alipakiwa kwenye lori akapelekwa kambini kuchujwa, na wengi walioingia kambini hawakuonekana tena mjini. Kwenye karatasi, tajiri wa Karanja alikuwa Miraji. Mwanzoni wawili hao walicheka jambo hilo. "Tajiri, naomba moto wa sigara," Karanja alikuwa akimwambia.

Basi Jumatatu moja ya mwisho wa Julai akaingia Kipkorir, dereva wa Mzungu mmoja wa Ndabibi, kule ziwani, akikokota trela kuukuu, na juu ya trela boti ndogo ya aluminiamu inayong'aa.

"Ala! Hii ni sufuria ya kupikia jeshi zima?" akauliza Karanja, na tangu hapo haikuitwa jina jingine.

Kipkorir hakuwa na hamu ya mzaha. "Wazee, hii kitu itanifukuzisha kazi. Njia nzima inaruka kama mbuzi. Ribiti zinazoshika mabati zimelegea, na tukiitia ziwani inakunywa maji. Mzungu anasema ni mimi nakimbiza gari."

Miraji aliizunguka trela mara tatu. Kwanza alimshuku Kipkorir, kwamba kweli anakimbiza gari. Kisha akaishuku boti. Mwishowe akapiga magoti akaona ukweli. Trela ile ilijengewa boti nzito ya mbao, iliyokalia mgongo wake katikati, juu ya magurudumu madogo ya kuteremshia. Hii ya sufuria ilikuwa na tumbo bapa, nyepesi, watu wawili wanaibeba. Katikati ilishikwa, ubavuni ikaning'inia hewani. Na springi zilizozoea mzigo wa kweli hazikuhisi kitu mgongoni, zikawa zinairusha.

Wakapanga kazi. Wapunguze majani ya springi, matatu kila upande. Watie mbao mbili ndefu za kulaza tumbo la boti, zivikwe mpira wa tyubu ili chuma kisisugue aluminiamu. Magurudumu yale madogo yashushwe na kupewa vyuma vipya vya paipu. Na ekseli isogezwe nyuma kidogo, kwa maana boti nyepesi hukaa vingine, na mkono wa trela, ule unaofungwa kwenye gari, usiinuke juu wenyewe gari likipanda mlima.

"Na mkono wenyewe?" Karanja aliuliza. Ulikuwa bomba nene, tupu ndani, lililoliwa na kutu hapa na pale.

Miraji aliusogezea uso mpaka ndevu zikagusa chuma. Akatazama. Akatema mate. "Mzima huu."

Karanja akainama, akatazama pia, asiseme neno. Alikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia aliwahi kusema, kwa adabu kabisa, "Fundi, hapo pamebaki tundu," na Miraji akamnunia siku tatu. Macho ya Miraji yalikuwa yamechomwa na miali ya miaka kumi na tano. Samsam alijua, Karanja alijua, wateja walianza kujua. Miraji mwenyewe alisema moshi wa siku hizi ni mwingi.

Walifanya kazi vizuri wiki ile. Ijumaa mchana Miraji alitawadha akaenda msikitini, akimwacha Karanja na Kipkorir, aliyekuja kuangalia mambo yamefika wapi. Aliporudi, trela ilikuwa imekwisha kupakwa rangi nyeusi, inapendeza. Karanja alikuwa akichemsha chai. Na Miraji, kwa desturi yake, akaenda kuzipima paipu zilizobaki kwa fimbo yake.

Ilipungua paipu. Urefu wa mkono mmoja na shubiri.

Akapima tena. Akahesabu vipande vyote vilivyoingia kwenye trela, kimoja kimoja. Havikujumlika. Kisha akaona tyubu kuukuu iliyokuwa ukutani, na yenyewe imekatwa vipande vyembamba, zaidi ya vile vya kuvika mbao. Lahaula! Kila fundi wa Nakuru alijua watu wa msituni walikuwa wakitengeneza nini kwa paipu, komeo la mlango na mpira wa tyubu. Inspekta alikuwa amepita kila karakana mwezi wa tano, akasema waziwazi: ikipatikana bunduki ya kienyeji na paipu yake imetoka kwako, na wewe una kesi ya kunyongwa.

Hapo mtu mwenye akili angefanya nini? Angeuliza! Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, wahenga walisema, na neno moja tu lilitosha: Karanja, paipu iko wapi? Lakini Miraji hakuwa mtu wa kuuliza. Alikuwa na falsafa yake kwamba ukimwuliza mwizi unamfundisha kuficha. Akanywa chai yake kimya, akimtazama rafiki yake wa miaka minane juu ya kikombe. Ghafla kila kitu kilikuwa na maana nyingine. Kwa nini anatabasamu? Kwa nini wiki jana alikwenda Bahati kumwona mama mgonjwa? Huyo mama anaugua kila mwezi? Yule Kipkorir naye, mbona wanatazamana?

"Fundi," Karanja akasema akivuta kofia yake, "usisahau barua yangu. Kesho ni tarehe thelathini na moja."

"Kesho," akajibu Miraji.

Usiku ule Miraji hakulala, na Samsam hakuambiwa kwa nini. Asubuhi Karanja alimwomba tena, kalamu ikiwa mkononi. "Ni mstari mmoja tu, tajiri. Saa sita mchana askari wanapita lokesheni, mtaani kwetu."

"Nikirudi," akasema Miraji akipanda kwenye gari la Kipkorir. "Naenda kuona hii boti ikitiwa majini. Nikirudi." Alijua hatarudi kabla ya saa sita. Alijua vizuri sana, msimtetee. Alijiambia kwamba yeye hamripoti mtu. Anajizuia tu kuweka sahihi kwa jambo asilolijua. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Trela ilikwenda kama iko juu ya mkeka. Boti haikuruka, haikulia. Kipkorir aliimba mpaka Gilgil. Pale Gilgil palikuwa na kizuizi, na askari mmoja akaizunguka trela akigonga kila kitu kwa rungu. Akagonga ubao. Akagonga ekseli. Akagonga mkono wa trela.

Ndu.

Miraji aliganda. Bomba tupu hulia likigongwa. Fundi anaijua sauti hiyo kama sauti ya mwanawe. Hili halikulia. Ndani ya mkono wa trela mlikuwa na kitu. Paipu! Wameificha mle, wanaipitisha kizuizini chini ya boti ya Mzungu, na yeye Miraji amekaa mbele kama mpumbavu, jina lake limo kwenye risiti! Askari akapunga mkono, wakapita.

Maili moja mbele Miraji akashika usukani. "Simamisha gari! Simamisha, nasema!"

Kipkorir akasimamisha, ametoa macho.

"Nini kiko ndani ya mkono wa trela? Sema kweli, mimi si mtoto. Mnampelekea nani?"

Kipkorir alimtazama, kisha akacheka, halafu alipoona hali ya mzee akaacha. "Mzee, ni paipu. Jana ulipokwenda msikitini Fundi Karanja alinionyesha ufa chini ya mkono huo, ungevunjika njiani. Akaukata, akatia paipu ndani, akauchomelea, akapaka rangi. Mimi nilimshikia, mikono tumeizungushia vipande vya tyubu, maana chuma kilikuwa cha moto. Akaniambia nisikwambie."

"Kwa nini usiniambie?"

Kipkorir akakuna kichwa. "Alisema macho yako yamechoka, na wewe ni mtu mzima. Hakutaka nikuone vibaya."

Miraji hakuamini. Hata hapo, jamani, hakuamini! Alishuka akalala chali barabarani chini ya trela, akapapasa. Macho hayakuona kitu zaidi ya weusi. Vidole ndivyo vilivyoona: mshono mwembamba, sawasawa, wa mkono anaoujua, na kando yake, pale palipobaki nyuma ya mshono, ncha ya ufa wa zamani, mrefu kuliko kidole. Ufa alioutazama kwa karibu, akautemea mate, akauita mzima.

Aliona haya mpaka masikio yakawaka. Kisha akakumbuka saa.

"Saa ngapi?"

"Saa tano na nusu."

Aliruka barabarani. Kipkorir akaendelea na trela yake kwenda Ndabibi. Miraji akadandia lori la kabichi lililokuwa likirudi Nakuru, na barua akaiandika juu ya goti, njia nzima herufi zikirukaruka. Lori lilipata pancha Mbaruk. Alimsaidia turnboi, utingo wa lori, kufungua gurudumu, akiita majina yote ya Mwenyezi Mungu.

Alifika saa nane. Lokesheni ilikuwa kimya. Jirani mmoja alinyoosha kidole tu kuelekea stesheni.

Wanaume walikuwa wamekalishwa chini kwenye uwanja uliozungushiwa seng'enge, kama mia moja hivi, malori yakingoja. Mezani alikaa afisa kijana wa Kizungu aliyeungua pua, na karani pembeni yake. Miraji akavua kofia, akaweka barua.

Afisa akaisoma. "Imeandikwa leo. Ilitakiwa kabla ya saa sita. Kwa nini umechelewa?"

Karanja alikuwa hatua kumi tu, nyuma ya waya, ameinuka alipomwona, anasikia. Kila neno la kweli ambalo Miraji angesema lingemmaliza Karanja. Angesemaje? Kwamba paipu ilipotea karakanani? Kwamba alimshuku? Hata kama paipu ilikuwa ndani ya trela, trela iko Ndabibi, na neno likishatoka halirudi.

"Nilisahau, afande."

"Ulisahau." Afisa akasukuma barua mbali. "Mtu anayemhitaji mfanyakazi wake hamsahau. Atapita kambini kama wengine. Wakimwona safi, atarudi."

"Afande, huyu ni mtu wa jeshi, nimekaa naye..."

"Anayefuata."

Karani akamwonea huruma, akamwacha asogee kwenye waya. Karanja akaja, na kumbe, maskini, alikuwa anatabasamu kidogo ili kumtuliza.

"Usijilaumu, fundi. Kusahau ni kwa kila mtu. Mwambie mke wangu asiuze mbuzi. Na kazi ya kuchomelea, mtafute mtu wa kukusaidia kutazama, usione vibaya nikikwambia hivyo."

Hapo Miraji angenyamaza. Angenyamaza tu, angebaki na rafiki. Lakini alisamehewa kosa ambalo hakulifanya, na hilo lilimchoma kuliko kosa lenyewe.

"Sikusahau," akasema. "Paipu ilipungua. Nikadhani... nilidhani umewapelekea watu wa msituni. Nikaizuia barua kusudi. Leo Gilgil ndio nimejua iko wapi."

Tabasamu likatoka usoni mwa Karanja polepole. Alimtazama Miraji kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma kibao cha mahali asipopajua.

"Asubuhi ya leo," akasema, "ulinitazama usoni ukaniambia 'nikirudi'."

"Ndiyo."

"Na jana nilikupikia chai."

"Karanja, ndugu yangu, nisamehe."

"Kusahau nilikuwa nimekusamehe," Karanja akasema, akageuka, akaenda kukaa na wenzake.

Malori yaliondoka kabla ya alasiri. Miraji alifika nyumbani, akakaa mlangoni na viatu vyake, akamwambia Samsam yote bila kuficha. Samsam alijifunga leso, akatoka kwenda kumwambia mke wa Karanja, kwa sababu Miraji mwenyewe alijaribu kusimama mara mbili akashindwa.