Mkwe Nyuma ya Pazia

Daktari Jairus Wakoli hashiki sura za watu, anashika mwendo wao. Pita mbele yake sokoni Kitale umevaa barakoa, miwani na kofia ya kuazima, bado atakwambia, "Goti la kushoto, Machi mwaka juzi. Linaendeleaje?" Ametengeneza nyonga na magoti mengi hivi kwamba wazee kutoka Saboti mpaka mjini wanatembea na vyuma alivyowawekea yeye, na Jumapili wakienda kanisani utadhani ni mali yake inatembezwa. Lakini hakuna hata mmoja anayepiga kona kuingia kwake. Nani huyo ataenda kumsalimia fundi wa nyonga na nyonga haiumi?

Anakaa Milimani, nyumba ya vyumba vinne, mtu mmoja. Mkewe, Lorna, alikufa na saratani miaka mitatu iliyopita, na hawakuwa wamepata mtoto. Viti sebuleni ni saba na kimoja tu ndicho kimebonyea. Ndugu walikuja matanga, wakala, wakamshauri aoe, wakaenda. Tangu hapo wanampigia simu mtu akianguka.

Aliyebaki kumhesabu kama mtu wa nyumbani alikuwa mmoja: Wilkista wa Bokoli, mama yake Lorna. Kila Alhamisi daktari aliposhuka Bungoma kwa kliniki ya mifupa, alikuta mezani kopo la njugu za kukaanga, limebandikwa karatasi yenye neno moja tu: Mkwe. Kopo lililetwa na mtu yeyote aliyekuwa anakuja mjini. Mwenyewe hakuja, na hangekuja. Huko kwao mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwa mahindi. Miaka kumi na tisa wawili hao waliheshimiana hivyo, kwa umbali mzuri kabisa. Jioni daktari akirudi Kitale alizitafuna zile njugu moja moja kwenye gari, akizipimia zimfikishe angalau Kiminini.

Halafu Alhamisi moja mwezi wa tano hakukuta kopo. Alikuta picha ya eksirei. Aliinua akaitazama kwenye mwanga, nyonga ya kulia, mfupa wa paja umekatika kwenye shingo yake, safi kama muwa. Ndipo akasoma jina pembeni.

Wilkista alikuwa ameteleza zizini akifukuza ndama.

Daktari alimpigia mwenzake wa Eldoret, asiye mkwe wa mtu, ampasue yeye. Foleni ni wiki tatu, akaambiwa. Mzee mwenye nyonga iliyovunjika akilala wiki tatu, mgongo unatoboka vidonda, mapafu yanajaa, na familia inaanza kuulizia bei ya hema la matanga.

Basi akaenda wodini, akasimama nyuma ya pazia la kitanda, hatua mbili hivi. Upande wa pili Wilkista akajifunika leso kichwani akageuzia ukuta uso. Katikati alisimama Pauline, muuguzi mwenye mdomo wake, mtu wa Naitiri.

"Mwambie mkwe namsalimu," Wilkista akasema. "Halafu umwambie aende."

"Anasikia, mama. Ako hapa tu."

"Najua anasikia. Wewe mwambie."

Pauline akageukia pazia. "Daktari, unasalimiwa. Halafu uende."

"Mwambie mama huu mfupa haungoji."

"Mama, mfupa haungoji."

"Mimi nangoja. Mwambie nimezoea."

"Mwambie hatajua chochote," daktari akasema. "Tutamlaza usingizi, tumfunike nguo mwili mzima. Patabaki kidirisha tu, kama sahani."

Pauline alipofikisha hiyo, Wilkista akauliza ukuta, "Na hiyo sahani ni paja ya nani?" Wodi nzima ikacheka, hata waliokuwa wamekatazwa kucheka kwa sababu ya nyuzi. Nyuma ya pazia hakucheka mtu.

Hakurudi Kitale siku hiyo. Asubuhi Wilkista akamwita Pauline.

"Yuko?"

"Yuko. Amesimama palepale, ni kama mti wa stima."

"Muulize hivi. Lorna hayuko. Mtoto hakuna. Yeye bado ni mkwe wangu ama si mkwe?" Akapumua kwanza, maana kuongea kulimuuma. "Akisema ndiyo, nirudishwe Bokoli nirare hivi vile niko. Akisema hapana, yeye ni daktali tu, na daktali anaruhusiwa kuona paja. Basi nitaweka kidole kwa hiyo kalatasi yenu."

Pauline, ambaye hajawahi kukosa neno, hakulifikisha hilo. Alisema tu, "Amesikia, mama."

Daktari alikuwa ameshika ile kalamu nene ya kuchorea mguu utakaopasuliwa. Akafungua kifuniko, akafunga. Akafungua tena.

"Mwambie hapana."

"Sijasikia," Wilkista akasema, na safari hii hakuwa anamwambia Pauline. "Sema na mdomo yako."

"Mimi si mkwe wako, mama."

"Basi fungua pazia."

Akalifungua. Wilkista alikuwa ameshusha leso. Alikuwa na paji la uso la Lorna, pana, na ule mkunjo wa katikati wa mtu anayejizuia kucheka. Miaka kumi na tisa, na daktari hakuwa amewahi kukaribia vya kutosha kujua ulitoka wapi.

"Mguu gani?" akauliza, kwa sababu lazima mgonjwa ajisemee.

"Wa kuria."

Akachora mshale.

Upasuaji ulichukua saa moja na nusu na haukuwa na hadithi. Wiki ya sita Wilkista aliingia kliniki kwa miguu yake na fremu ya kutembelea, kuku chini ya kwapa la mjukuu aliyemsindikiza. Akafika mezani, akanyoosha mkono.

"Habari ya kazi, daktali."

Daktari akautazama ule mkono kwanza. Kisha akaushika. Ulikuwa mgumu na wa moto.

"Nzuri. Unapata usingizi?"

"Vizuri. Hii kuku ni ya asante."

"Asante." Akaandika kitu kwenye faili, akakikata. "Njugu msimu huu zilikataa?"

"Ziko." Wilkista akainamisha macho, bila ubaya wowote. "Lakini zile zilikuwa za mkwe."

Akaondoka. Daktari alimfuata kwa macho mpaka mlangoni na hata koridoni. Hachechemei.

"Anayefuata ni goti," Pauline akasema, akamsogezea chupa ya dawa ya kunawa mikono.

"Ngoja," daktari akasema, mkono wa kulia ukiwa bado umelala wazi juu ya faili. "Ngoja kidogo."