Baba Mkwe Nyuma ya Pazia

Kuhusu uchungu wa kuzaa niliambiwa na kila mtu, hata na wanaume. Kuhusu hewa hakuna aliyenitajia. Nilimzaa mtoto wangu wa kwanza nikijamba kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo, na aliyekuwa akisikiliza ni baba mkwe wangu. Kama wewe ni mtu wa kwetu, najua umeshaona haya kwa niaba yangu. Kama si wa kwetu, ngoja nieleze.

Huku Kisii na Nyamira tuna kitu kinaitwa ensoni. Watu hutafsiri kuwa ni aibu, ila hii ni aibu ambayo unafundishwa kuitunza, kama vile mtu anavyofundishwa kutunza ng'ombe. Kati ya mwanamke na baba wa mume wake kuna ukuta. Baba mkwe hanipi mkono wa salamu. Haingii nyumbani kwangu, hata mvua imkute mlangoni. Mbele yake sitaji mwili wala nguo za ndani, na mimba yenyewe haitajwi. Miezi yote ile tumbo langu lilipokuwa likinitangulia kufika mahali, yeye alizungumza nami huku akikagua majani chai yaliyo upande wa pili wa ua. Na ukuta huo si wake peke yake. Ndugu zake wote ni baba wakwe zangu, mkubwa kwa mdogo.

Aliyenitia wasiwasi ni huyo mdogo wa mwisho. Babu wa mume wangu alioa tena akiwa mzee, na mke huyo wa mwisho akamzalia mwana ambaye kwa umri ninamzidi. Ana ndevu za kuhesabika na anashabikia mpira kama vijana wengine, lakini kwa cheo ni tatabiara, yaani baba mkwe kamili, na mimi kwake ni mokamwana, mke wa mwanawe. Tukikutana kwenye njia nyembamba, yeye huingia ndani ya majani chai ili nipite, na mimi hugeuza uso. Tungeishi hivyo kwa amani mpaka uzeeni, isipokuwa alisomea uuguzi, na alipomaliza akapata kazi kwenye kituo cha afya kilicho chini ya kilima chetu.

Kwa hiyo nikapanga mambo yangu mapema. Siku zikikaribia nitashuka Kisii mjini, nikae kwa mama yangu Nyanchwa, nikazalie kati ya watu wasionijua mimi wala aliyenioa. Mume wangu alikubali. Mama mkwe alikubali haraka zaidi.

"Huko ni vizuri," alisema. "Hapa kuna watu."

Mtoto hakushirikishwa katika mpango huo. Alichagua siku ya Sabato, mchana, tukiwa kanisani tumeshakula na tunaimba. Nina duka la vifaa vya ujenzi pale Keroka, kwa hiyo najua mpira wa bomba ukikatika mambo huwa namna gani: kwanza tone, halafu hakuna tena habari ya kufunga. Maji yalitoka, yakalowesha benchi, yakafika chini. Sakafu ya kanisa letu ina mteremko kidogo kuelekea mimbari. Maji yalishika njia hiyo bila haraka, na wazee wa kanisa walioketi mbele waliinua miguu mmoja baada ya mwingine, bila kuacha kuimba. Dada aliyekuwa kando yangu alisogeza Biblia yake.

Mama mkwe, aliyekuwa nyuma yangu katika sare nyeupe ya akina mama, alinizungushia leso kiunoni. "Inuka kama mtu anaenda choo," alininong'oneza. Nikainuka hivyo. Hakuna aliyedanganyika.

Mume wangu alikuwa ameenda Tabaka kwa wachongaji, kwa sababu biashara yake ni kununua vinyago vya mawe na kuwauzia wanaosafirisha nje, na simu yake haikupatikana. Mvua ilikuwa imeifanya barabara yetu uji. Hakuna gari lililokuwa likipanda huko. Nyanchwa ikabaki kuwa wazo zuri. Tulipanda bodaboda, mimi katikati na mama mkwe nyuma yangu akinishika kama gunia linaloweza kupasuka, tukateremka mpaka kituo cha afya.

"Yuko?" nilimuuliza njiani.

"Hawezi kuwa. Leo ni zamu ya yule mama muuguzi mwenzake."

Ni kweli ilikuwa zamu ya yule mama. Lakini yule mama alikuwa ameondoka na ambulensi kumsindikiza mgonjwa Kisii, na aliyemshikia nafasi alikuwa amesimama mlangoni na koti lake jeupe. Aliona ni mimi. Akaangalia juu. Pale mlangoni hakuna dari, kwa hiyo aliangalia mabati.

Mama mkwe yeye hana ukuta na kijana huyo, maana ni mke wa kaka yake na ndiye aliyemlisha alipokuwa mdogo. Walienda kuongea nje ya dirisha nililokuwa nimelazwa chini yake.

"Mpigie yule mama simu arudi."

"Nimempigia. Wamekwama Keroka, kuna lori imelala kwa barabara."

"Sasa?"

"Sasa ni mimi."

"Hiyo haiwezekani."

"Najua haiwezekani, mama. Lakini mtoto hajui."

Walichoamua ni pazia. Alilivuta mwenyewe, lile la kijani linalozunguka kitanda, akasimama upande wa nje. Yeye atasema, mama mkwe atafanya. Mama mkwe alivaa glovu juu ya mikono ya sare yake na kuinama kunitazama mahali ambapo, kusema kweli, hata yeye hakupaswa kunitazama. Alipumua kwa nguvu, kama mtu anayeingia mtoni asubuhi.

"Unaona nini, mama?" sauti iliuliza.

"Bado giza."

"Mwambieni apumue."

Hakuniambia mimi. Alisema "mwambieni", kana kwamba ndani mlikuwa na kamati. Mama mkwe akageuka na kuniambia nipumue, nami nikamwambia amwambie kwamba ninapumua. Tuliendesha shughuli hiyo muda mrefu hivyo, na kila uchungu ulipokuja nilisahau adabu, na kila ulipoondoka adabu ilirudi imekasirika.

Kisha ikaja ile hewa. Mara ya kwanza chumba kilikuwa kimya kabisa. Nilijaribu kuizuia, nikagundua kwamba mwili hauna koki mbili. Ukisukuma, unasukuma vyote. Sauti ilitoka ndefu na yenye kujiamini. Nyuma ya pazia hakuna aliyekohoa. Nililia, si kwa maumivu. Mara ya pili ilipokuja nilisikia vyuma vikigongana kwenye sinia huko nje, kelele nyingi, kama mtu ameangusha vijiko vya harusi. Mara ya tatu, vivyo hivyo. Nilidhani ana kazi na vyombo vyake. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa na kazi yoyote na vile vyuma.

Nikatapika wali na ndengu za Sabato juu ya sare nyeupe. Mama mkwe alijitazama, akasema, "Haya," akaendelea.

"Kuna kitu kinatoka," alitangaza baada ya muda.

"Ni kichwa?"

"Hapana. Ni choo."

"Sawa."

"Ni mingi."

"Sawa, mama. Ni kawaida. Mpanguse, aendelee kusukuma."

Nilimwomba Mungu afunge kazi yake nami hapo hapo. Sikuwa nikitania. Mtu akisikia neno hilo likitajwa na mama mkwe kwa baba mkwe, na kitu chenyewe kinatoka kwake, anaona kuwa dunia imeshamaliza kumfundisha. Lakini mtoto alikuwa na mawazo yake. Nilisukuma, mama mkwe akaona nywele, sauti ikamwambia asivute, ashike tu kama anavyoshika yai, na binti yangu akatoka akilia kwa hasira inayofanana sana na ya mama yangu. Mama mkwe naye akalia. Kutoka nje ya pazia sauti ilisema, "Asante Yesu," mara moja, taratibu.

Nilifikiri tumemaliza. Meno yalikuwa yakigongana na miguu ikitetemeka yenyewe, jambo jingine nisiloambiwa na mtu. Nilikuwa nikipanga jinsi nitakavyohama ukoo.

"Damu ni mingi," mama mkwe alisema.

"Mingi namna gani? Imelowesha kitambaa?"

"Imefika viatu yangu."

Pazia likafunguliwa. Hakulivuta polepole kama alivyolifunga. Alikuja moja kwa moja mpaka kitandani, na hakuangalia mabati. Mimi nilifanya jambo ambalo mwanamke yeyote wa kwetu angefanya: nilibana magoti kwa nguvu zangu zote.

"Tatabiara," nilisema, "tafadhali, toka."

"Fungua," alisema. Lilikuwa neno la kwanza kuniambia mimi mwenyewe tangu niolewe.

Sikufungua. Mama mkwe ndiye aliyenishika goti moja na yeye akashika la pili, wakayatenganisha kama watu wanaofungua lango lililoshika kutu. Alinidunga sindano pajani. Halafu aliweka mkono mmoja juu ya tumbo na mwingine akauingiza ndani, akabana katikati, na akabaki hivyo. Kwenye ukuta palikuwa na picha ya kuonyesha namna ya kunawa mikono. Niliikazia macho. Nilikuwa nikifikiria kwamba sijapanguswa vizuri. Nakumbuka hilo kuliko jambo lingine lolote la siku ile, kuliko hata uso wa mtoto. Kisha picha ikaanza kwenda mbali, nikafurahi, nikaona kwamba angalau nimeruhusiwa kulala.

Nilipoamka yule mama alikuwa amerudi, nina dripu mkononi, pazia limefungwa na kijana hayupo.

Nyumbani maneno yalianza kabla sijafika. Wazee walitaka kujua kama kuna jambo la kutengenezwa, yaani kama ensoni ilivunjwa. Mama mkwe aliwakatiza. Alisema shemeji yake alikuwa nje ya pazia mwanzo hadi mwisho, na yeye mwenyewe ndiye aliyezalisha, na kama kuna mwenye swali aulize viatu vyake. Mume wangu alipewa habari hiyo hiyo. Ikawa ndiyo habari yenyewe, na mama mkwe akasifiwa kanisani.

Basi nikabaki na deni nisiloweza kulitaja. Ningemshukuru vipi mtu kwa kufungua pazia ambalo halikufunguliwa? Mwili nao uliendelea kunishangaza, maana ulikuwa umezoea. Nilipiga chafya dukani, mkojo ukaponyoka, nikalazimika kukaa. Maziwa yalipenya blauzi mbele ya fundi aliyekuja kununua misumari, naye akanunua pia rangi ambayo hakuihitaji ili apate mahali pa kuangalia. Nilipata bawasiri, nikahudhuria harusi nzima nimesimama. Hayo yote niliyacheka mwishowe. Lile moja sikulicheka. Nilianza kupita njia ya juu, ndefu, ili nisikutane naye. Ikiwa lazima tukutane, kwenye mazishi au mahari, aliinamisha macho kuliko zamani, nami nilijua anachokumbuka. Nilimwonea uchungu, na nilimchukia kidogo pia. Kuna mtu mmoja duniani aliyeniona hivyo, nikawa natamani ahamishwe kazi aende mbali.

Sasa, ensoni ina mlango mmoja. Babu na mjukuu hawana ukuta. Wanataniana, wanatukanana, wanasema lolote, na binti yangu, ambaye ameshaanza shule, anawatumia babu zake wote vizuri. Mwezi uliopita tulikuwa na shughuli bomani, na nilikuwa jikoni nikimenya ndizi. Yule babu kijana alikuwa ameketi nje chini ya dirisha. Mtoto akampandia mapajani. Kwake babu ni sokoro, na bibi ni magokoro.

"Sokoro, magokoro anasema nilizaliwa nikilia kama mbuzi."

"Uongo. Ulilia kama mwalimu mkuu."

"Uliogopa?"

"Wewe? Hapana. Wewe ulikuja sawa." Alimsogeza mtoto mapajani. "Mama yako ndiye alinitisha. Nilimshika mguu nikapata imekuwa baridi. Mdomo ilikuwa nyeupe. Nilijua anaenda, na mtoto wa kaka yangu... yaani baba yako, yuko Tabaka, nitamwambia nini."

"Ukafanya nini?"

"Nikakataa. Halafu yule mama aliporudi nikaenda nyuma ya tenki ya maji nikalia mpaka jioni."

Kisu kilisimama mkononi mwangu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nilikuwa nakufa. Mama mkwe alisema tu kwamba nilizimia kidogo. Miaka yote hii mimi nilikuwa nikibeba choo na hewa, na kumbe yeye alikuwa amebeba maiti yangu. Nililia juu ya maganda, nilimwonea huruma na nilijionea aibu, hii ya kawaida isiyofundishwa na mtu.

Nikanawa mikono, nikatoka mpaka mlangoni, nikasimama kwa umbali unaopasa.

"Tatabiara," nilisema, "siku ile sikukushukuru. Niliona haya, kwa vile ulivyoniona."

Macho yake yalibaki chini, penye miguu ya mtoto.

"Sikukuona, mokamwana," alisema. "Nilikuwa naangalia kama damu imesimama."