Mizani Yangu na Unga wa Magwagwa

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Daktari, Mzungu aliyesimamia afya pale Kisii, hakunipa sindano wala dawa. Alinipa mizani ya kuning'iniza, bakuli la bati na daftari. Mimi mtu wa ziwani niliyesoma misheni nikaona nimeonewa. Wenzangu wafunge vidonda, mimi nipime ugali!

Vijana wa leo mnacheka, lakini kazi ile ilikuwa na utaalamu wake. Ratili moja ya unga wa wimbi ikitoka jikoni huwa zaidi ya ratili mbili, kwa kuwa imekunywa maji, na maji hayamnenepeshi mtoto. Kwa hiyo nilipima unga ungali mkavu, kisha ugali ukiiva, kisha mabaki. Nilianzia Tabaka kwa wachonga mawe, nikahamishiwa Nyansiongo kupima posho ya vibarua wa masetla. Huko chakula kilitoka stoo, hakikunisumbua. Magwagwa ndiko nilikoumbuka.

Zahanati ya Magwagwa iligawa maziwa ya unga kwa watoto walioachishwa kunyonya. Bwana Daktari alitaka kujua kama bado yanahitajika, na jibu lilikuwa litoke kwenye daftari langu. Nikapima nyumba kumi, wiki baada ya wiki, na kila nyumba unga ulikuwa wa kutosha. Akafurahi, akasema mwisho wa mwezi maziwa yapelekwe kwingine.

Lakini Nyaboke, mtoto wa miaka miwili wa nyumba ya tatu, alikuwa amevimba miguu na nywele zake zimekuwa nyekundu, dalili za mtoto asiyepata lishe. Kwa daftari langu alikuwa ameshiba. Nikaanza kuliogopa daftari lile.

Desturi yetu ilikuwa kumpelekea mzee wa kijiji habari siku moja kabla ya kwenda kupima. Safari hii nilikwenda kimya kimya. Nikamkuta mama Nyaboke anamimina unga chunguni, na haukufika nusu ya ule niliozoea kuupima. Nikamuuliza unga mwingine uko wapi.

“Wewe mgeni, Bwana Mizani,” akasema bila kuficha. “Mgeni anakuja, mimi napika unga kidogo? Ile ingine naazima kwa mama mkwe. Ukienda, sisi tunakula kidogo mpaka tumerudisha.”

Nikazunguka nyumba zote kumi. Zote zilifanya hivyo. Nilipima heshima yao nikaiandika kuwa chakula, na ugali wenyewe nikaula, kwa kuwa kukataa ni tusi. Niliona aibu.

Ningeweza kunyamaza. Nikapanda baiskeli hadi Kisii, nikamwambia Bwana Daktari kwamba hesabu zangu za Magwagwa si za kweli. Akalifunua daftari langu.

“Kitabu yako yote ni bure?”

“Yote, Bwana. Naomba mwezi mmoja nirudie. Na maziwa yasiondoke kwanza.”

Akanipa mwezi, akaniambia nikikosea tena nirudi kwetu kuvua samaki.

Sasa, mtu anaachaje kuwa mgeni? Nilifika kabla jua halijachomoza, nikiwa na viazi vitamu vyangu mfukoni. Nikachanja kuni, nikapalilia wimbi, hata maji ya mtoni nikabeba kichwani, mwanaume mzima. Akina mama walicheka hadi wakashika mbavu. Waliponikaribisha kula niliwaonyesha viazi. Siku ya nne mama Nyaboke akaning'iniza bakuli mwenyewe, likiwa na unga wake tu. Mshale wa mizani haukusogea sana. Niliandika nikiwa na uchungu, lakini niliandika kweli.

Maziwa yalibaki. Bwana Daktari hakunisifu, ila wapimaji wote waliokuja baadaye aliwaagiza wapalilie kwanza.

Nilipostaafu nilipita Magwagwa kuaga. Mama Nyaboke alikuwa na mvi, na Nyaboke mwenyewe alikuwa jikoni, amembeba mwanawe mgongoni. Nikaenda zangu moja kwa moja kwenye kuni na kushika shoka. Yule mama akaninyang'anya.

“Kaa chini,” akasema. “Leo wewe ni mgeni.”

Nyaboke akaleta ugali mkubwa kupita wote niliowahi kupima. Sikuuliza unga umetoka wapi. Niliula wote.