Picha Zilizogoma Kufunguka kwa Anneth

Saa mbili asubuhi umeme unarejea Karatu, na Anneth Lyimo anarukia kompyuta hata kabla ya kumaliza salamu. Kwenye benchi la duka lake la picha ameketi Naeku, mama wa Kimaasai kutoka kijiji cha Malambo, pamoja na shemeji yake Seenoi. Leo hakuna soga. Sidii iliyo mkononi mwa Anneth ina picha pekee ya mtoto wa Naeku, aliyefariki masika yaliyopita.

Aliyeipiga ni mtalii aliyepita bomani kwao, akatuma sidii kwa posta. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini huyu alileta zawadi iliyofungwa. Kamera yake mpya ilihifadhi picha kwa mtindo wake yenyewe, na kompyuta isiyoujua mtindo huo huonyesha majina ya mafaili tu, sura hakuna.

"Mwezi uliopita nilijiona mjanja," Anneth anasema. "Mtalii aliyapa mafaili majina ya watu na mifugo, nikamuuliza yeyo, yaani mama huyu, mtoto aliitwa nani nimtafute? Akajifunika uso kwa shuka."

Seenoi ndiye aliyemfumbua macho. "Dada, kwetu aliyeondoka hatumtaji jina. Hata mimi usiniulize."

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema Anneth.

Mzaliwa huyu wa Marangu alifuata riziki ya utalii Karatu mwaka 1998, akaanza kwa kusafisha picha za mikanda. Sasa ni 2005 na mikanda inatoweka, kwa hiyo amejifunza kutumia maktaba ya bure ya vipande vya programu vinavyosoma mitindo mbalimbali ya picha. Imeandikwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi, na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiongoza kompyuta, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha.

Kamera ya mtalii, hata maktaba hiyo haikuijua. Anneth akawaandikia waandishi wake kwa Kiingereza cha kuungaunga, nao wakaomba faili moja la mfano. Alimwuliza Naeku kwanza.

"Watu wetu wasiende kwa wageni," Naeku alijibu kupitia Seenoi. "Mpeleke punda."

Faili lenye jina la punda likaenda. Jana walijibu kwamba toleo jipya liko tayari.

Linashuka kutoka mtandaoni kwa mwendo wa kinyonga. Anneth anafungua faili la kwanza: ng'ombe. La pili: boma. Anafungua moja baada ya jingine, bila kusoma majina kwa sauti. Kisha anatokea mtoto mwenye pengo, anacheka, ameshika ndama sikio.

Naeku anasogea. Anagusa kioo na kuacha mkono palepale. Seenoi anageukia mlangoni, na Anneth analia waziwazi, wala haoni haya.

Mashine ikichapa picha, anaeleza mpango wake. Anajifunza kuandika msimbo ili naye awarudishie wale wa kujitolea kipande chake: programu itakayotandaza picha zote kwa udogo kwenye kioo, hata za kamera ngeni kama ile.

"Mama mwingine akija, nisimuulize kitu," anasema. "Anyooshe kidole tu."