Ndoo Hairudi Tupu

Sikuzani hakuwahi kurudisha ndoo tupu. Mama yake, aliyeuza vitumbua Cheyo, alimlea hivyo: chombo cha jirani kikija na kitu, hurudi na kitu. Kila asubuhi alipopita kwa mama lishe kumi na mmoja wa Ipuli kukusanya maganda ya ndizi na makapi ya mboga, ndoo za jana alizikabidhi zikiwa na konzi mbili za mbolea nyeusi, laini kama unga wa ulezi, kwa ajili ya mchicha wao.

Mbolea hiyo ilikuwa kazi ya nyungunyungu. Aliwafuga uani katika masanduku sita ya mabanzi ya mninga, akiwafunika kwa magunia yaliyoloweshwa, akiwalisha mabaki yote isipokuwa yenye ndimu, pilipili au chumvi. Alijifunza kazi hiyo chuo cha ufundi, na ndiyo iliyomshikilia tangu mumewe azikwe. Wazee wa ukoo walikuwa wamemweleza wazi: ua ni wake maadamu anaufanyia kazi; ukilala bure, atauchukua Nurdini, mdogo wa marehemu, ajenge vyumba vya kupangisha.

Nurdini alichoka kungoja. Alhamisi moja mchana aliingia na gunia la chumvi, akaanza kuyapindua masanduku kwa mateke.

"Hawa ndio waliomla kaka yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Na wewe unawalisha, shemeji."

Sikuzani alimrukia na reki, akamchana bega. Nurdini akamkamata nywele, akaugonga uso wake kwenye ukingo wa sanduku mara mbili, jino likang'oka. Kisha akaliendea jiko, akaipua sufuria ya maji yaliyokuwa yakitokota. Sikuzani akajilaza kifudifudi juu ya sanduku la sita, la mwisho. Maji yakamshukia mgongoni na mkononi. Ngozi ikabambuka kama ganda la nyanya. Bado Nurdini alimburuta kwa miguu, akaimimina chumvi, akakaa kitako kuwatazama nyungunyungu wakijinyonganyonga mpaka wakatulia.

Sikuzani alilazwa hospitali ya Kitete siku kumi na tisa. Polisi walimsaka Nurdini, wakaambiwa amesafiri.

Sikuzani aliporuhusiwa, alisindikizwa na jirani yake Paskazia, Msukuma wa Igunga, mmoja wa mama lishe wale, auzaye ugali stendi. Sikuzani alifukua masanduku yote kwa mkono wake mmoja mzima. Hakukuwa na hata mmoja aliye hai. Akamwambia Paskazia kwamba kazi imekwisha, na ua umekwenda.

Paskazia alikwenda kwake, akarudi na ndoo aliyooteshea mchicha, akaipindua miguuni pa Sikuzani. Mizizini walijaa nyungunyungu wekundu. Kumbe katika konzi zile za mbolea mlikuwa na mayai yao, madogo kama punje za mtama, ambayo Sikuzani hakuyachuja.

"Hata Levina, mama lishe mwenzangu, anao," alisema Paskazia. "Sisi tulidhani umetupatia kwa makusudi."

Habari zilimfikia Nurdini, ambaye kumbe hakuwa amesafiri kokote, kabla ya alasiri kwisha. Alisukuma lango, gunia jipya la chumvi begani. Sikuzani hakuinuka.

"Wako kwa Paskazia, shemeji. Wako kwa Levina. Wako nyumba kumi na moja. Utaanzia ipi?"

Nurdini aliliangusha gunia, akaukamata mkono wenye bendeji, akauminya mpaka damu ikapenya kitambaa. Sikuzani akapiga yowe. Paskazia alikuwa na mchi. Aliushusha mara moja kwenye kiwiko cha Nurdini, mfupa ukaalika kama kuni kavu. Akaushusha tena, ingawa haikuhitajika. Wanawake waliosikia yowe wakaingia, wakamfunga miguu kwa kanga, wakamkalia mpaka polisi walipofika.

Chumvi ilibaki uani. Kesho yake ziliwasili ndoo kumi na moja, kila moja na nyungunyungu wake. Sikuzani aliwamwaga polepole ndani ya masanduku, akawafunika. Kisha akalifungua gunia la Nurdini, na ndoo zote kumi na moja akazirudisha zikiwa na chumvi ya kupikia.