Diski Iliyopelekwa Kufugwa Tlawi

Siku diski za kompyuta zilipopangwa, katika chumba cha kupanga pale Katesh, tulikuwa watu watano. Mzee wangu, mume wangu wa ndoa, alikalia kiti pekee chenye mgongo. Mimi nilikaa kitandani na binti yetu mkubwa. Mtoto wake wa kiume, mjukuu wetu, ndiye mwenye chumba na kompyuta. Wa tano alikuwa mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemchukua hajaota meno nikamnyonyesha pamoja na kitindamimba wangu. Wakati huo alikuwa anaishi Tlawi, ana mke, shamba na banda la kuonyeshea video. Majina yao ninayo yote kichwani, na ya baba zao na ya babu zao, lakini siyaandiki. Wengine bado tunasalimiana njiani.

Mjukuu alikuwa anapiga video za arusi na misiba, Masakta mpaka Balangdalalu. Mkoa ulikuwa umeshakatwa kutoka Arusha ukaitwa Manyara, na vitu ambavyo ujanani mwangu hata duka la ushirika halikuvijua, sasa vilitandazwa chini mnadani. Aliuza dume lake la ng'ombe, akaenda Arusha, akarudi na diski tatu amezizungushia kanga ya mama yake kama mayai.

Alituonyesha moja moja kabla hajazifunga. Ile ndogo ilikuwa ya kompyuta yenyewe, ya kuwakia na kufanyia kazi. Ile kubwa ilikuwa ya video anazozikata na kuziunga. Ya tatu ilikuwa na gamba lake na waya wake, inakaa nje, ya kuwekea nakala.

"Kwa nini usinunue moja kubwa ukamaliza?" binti yangu akauliza.

"Mama, ukiweka vyote kwenye moja, mashine inahangaika, picha zinakwama. Wewe unasonga ugali na kuchemsha maziwa kwenye sufuria moja?"

"Nikiwa na mtoto mvivu wa kuosha vyombo, nachemsha."

Tulicheka. Basi akazifunga, na kitu cha kwanza kuingiza ilikuwa arusi ya kitindamimba wetu kule Masakta, ambayo mzee wangu alisimama akasema sala ya baraka. Ni ile ndefu ya wazee wetu Wairaqw, mmoja anasema na watu wote wanaitikia. Sijasikia aliyeisema vizuri kuliko yeye, na hakuna mtoto wetu hata mmoja aliyeishika. Kanda ya kamera ilikuwa inangojewa na arusi nyingine, irekodiwe juu yake. Kwa hiyo sauti ile ilibaki ndani ya diski kubwa, na nakala kwenye ya tatu. Mahali pengine popote haikuwapo.

"Na nakala itakaa wapi?" nikauliza.

"Hapa hapa, bibi. Juu ya kabati."

"Nyumba ikiungua?"

Nikamwambia jambo ambalo kwetu hata mtoto analijua: ng'ombe wote hawalali zizi moja. Mmoja unampa ndugu, mwingine unampa rafiki wa mbali, ili maradhi yakiingia kwako wa kule wabaki. Anayekufugia anakunywa maziwa na kuchukua samadi, lakini ng'ombe na ndama ni wako.

Mtoto wa dada yangu akanyoosha mkono. "Mama mdogo, nipeni mimi. Nitaifuga."

"Utakamua nini?" mzee akamuuliza.

"Baba mdogo, nafasi itakayobaki ndiyo maziwa yangu. Nitaweka vifilamu vyangu viwili vitatu."

"Haya, kunywa. Ila usinichinje."

Tulicheka wote, na yeye alicheka zaidi. Diski ikaenda Tlawi kwenye mfuko wa shati lake.

Sasa, mtu uliyempa ng'ombe huendi kila mara kumkagua zizini. Ni kumwita mwizi. Mjukuu alitaka kwenda kuifungua aone, nikamkataza, kwa sababu ndivyo tulivyofunzwa. Tulikuwa tunauliza tu, tukikutana mnadani au kwenye simu.

"Hujambo, mwanangu? Na yule wetu?"

"Mzima, mama mdogo. Ananenepa."

Mzee wangu akafa. Msibani, watu wamejaa uwanjani, mtoto wa dada yangu alisimama akasema, "Msilie sana. Sauti ya baba ipo nyumbani kwangu, nzima." Akina mama wakamshika mikono wakimshukuru. Mimi nilikwenda ndani nikaleta koti la mzee, lile zito, nikamvika mbele ya watoto wangu wa kuwazaa, na wao wakaona ni haki yake.

Mvua zilizofuata, diski kubwa ya Katesh ilianza kugonga, ta, ta, ta, kama kuku anayedonoa bati. Halafu ikanyamaza. Mjukuu aliipeleka Arusha, wakamwambia imekufa. Alikuja kwangu amekauka midomo. Tulikuwa tunajiandaa kumaliza matanga, na yeye alikuwa ameahidi ukoo wote utasikia baraka ya babu.

"Usilie," nikamwambia. "Tuna Tlawi."

Tulikwenda sisi wawili. Kule juu kulikuwa na ukungu na baridi, naye alitupokea amevaa lile koti.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Tumekuja kumwona ng'ombe wetu."

"Kunyweni chai kwanza."

Alitoka nje. Chai yangu ilifanya utando juu na yeye hajarudi. Mkewe alikuwa anapangusa meza isiyo na uchafu. Mwishowe tukamfuata bandani, na mjukuu akaichomeka diski kwenye kompyuta ya pale. Zikatokea filamu za kupigana, nyingine chini ya nyingine, mpaka mwisho.

"Arusi iko wapi, mjomba?"

"Si mnayo kule?"

"Ya kule imekufa."

Akakaa kwenye benchi la wateja. "Ilijaa," akasema. "Nikafuta nipate nafasi. Nilijua mnayo."

Kompyuta inaonyesha siku ambayo kila kitu kiliingizwa. Mjukuu alitazama, kisha akanigeukia mimi, hakumtazama yeye. "Bibi, hizi ziliwekwa babu akiwa hai."

Nikamuuliza mwenyewe, "Siku ile umesimama msibani, ulijua?"

"Mama mdogo, watu walikuwa wanalia. Ningesema nini?"

"Ungenyamaza."

Mashine kufa ni mashine. Hata kufuta ningemwelewa, shida ni shida. Lakini nilipouliza aliniambia mzima, mwaka hadi mwaka, kwa sauti niliyoifundisha mimi kusema. Angesema mapema, mzee alikuwapo, tungemwomba asimame aseme tena. Hapo ndipo ninapopaona kila ninapolala.

Baadaye alituma wazee na pombe ya asali ya kuomba radhi. Wazee niliwapokea na kuwapa chakula. Pombe ilirudi nao.

Sasa mimi na binti yangu tunaiandika sala ile kwa Kiswahili, kwa sababu wajukuu ndicho wanachosoma. Tumepata kidogo: Mvua yetu ije taratibu kama mgeni anayeijua njia. Ugonjwa upite chini bondeni, usione moshi wetu. Wasichana wanaoolewa mbali wakute maji karibu. Baada ya hapo nadhani aliutaja mlima, lakini binti yangu anasema alitaja kwanza wazee waliolala. Hapo tumekwama, na mimi kusoma kwangu kulikuwa kwa madarasa machache, huenda hata mistari niliyoandika nimeipindua. Kama ulikuwapo kwenye arusi ile Masakta ukaitikia pamoja nasi, nisahihishe, hata kwa neno moja. Na kama unaujua mstari uliofuata, njoo uniambie.